Kitambi si dalili ya neema

Baba akianza kuota kitambi, majirani husema mambo yake yamenyooka. Mkewe naye husifiwa kwa kumtunza vizuri. Sifa hizo huficha hatari, kwa sababu mafuta yanayojikusanya tumboni hayakai kimya kama mahindi ghalani.

Karibu kila seli ya mwili ina kiini, na humo ndimo zinamokaa jeni. Ndani ya seli hizo zimo pia protini ziitwazo vipokezi vya kiini. Binadamu ana aina 48. Asidi ya mafuta au zao la lehemu likinasa kwenye kipokezi chake, kipokezi huamuru jeni fulani zifanye kazi na nyingine zipumzike.

Kundi moja la vipokezi hivyo ni PPAR, lililoanza kujulikana mwaka 1990. PPAR alfa, iliyo nyingi kwenye ini, huamuru mafuta yaunguzwe, hasa mtu anapofunga kula. PPAR gama husaidia mafuta yahifadhiwe ndani ya seli zake badala ya kumwagika kwenye ini na misuli. Kipokezi kingine, LXR, huhisi lehemu ikizidi na kuamuru itolewe nje ya seli.

Vipokezi hivyo hivyo hutuliza mchochota, ile hali ya mwili kujihami inayofanya kidonda kivimbe na kuwa chekundu. Ndiyo maana mambo ya mafuta na ya mchochota hayatengani. Seli za mafuta zikijaa kupita kiasi, hutoa kemikali zinazoita seli za kinga. Mchochota huo hauleti homa wala maumivu, lakini ukidumu miaka, insulini hushindwa kufanya kazi yake, sukari hupanda na mishipa ya moyo huharibika.

Dawa ya kisukari iitwayo pioglitazoni hufanya kazi kwa kuiamsha PPAR gama. Hushusha sukari, lakini huweza pia kuongeza uzito na kujaza maji mwilini, na haimfai mtu ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri. Kwa hiyo kuazimana vidonge vya kisukari, hata kati ya ndugu wa tumbo moja, kunaweza kumpeleka mtu wodini.

Kipimo cha kwanza ni rahisi: utepe wa fundi cherehani. Kiuno kinachozidi sentimita 94 kwa mwanamume, au 80 kwa mwanamke, ni ishara ya kwenda kupima sukari, shinikizo la damu na lehemu. Kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki, kupunguza vyakula vya kukaanga na kuacha soda husaidia kupunguza mafuta ya tumboni.

Mke anayemwambia mumewe, "Baba watoto, kesho twende sote tukapime," hamvunjii heshima. Anamtakia maisha marefu.