Piga picha, lakini uliza palikuwa nini

Wewe mwenye simu, hebu nikuulize. Umeweka mtandaoni picha ngapi za kuta zilizobomoka bila kuandika hata jina la mahali?

Mimi pia nina hatia. Tangu niache chuo, nimezurura sana kwenye stesheni za reli ya zamani kati ya Nairobi na Mombasa. Kutu, mabati yaliyotoboka, nyasi katikati ya reli. Picha zinatoka fiti! Siku moja mzee akaniuliza, "Kijana, unapiga picha ya nini?" Nikamjibu, "Ukuta tu, mzee." Akacheka. "Hilo ni dirisha la tiketi. Nilikaa humo miaka mingi." Niliona haya.

Reli hiyo ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika Kisumu 1901. SGR ilipoanza kubeba abiria 2017, treni ya zamani ya Nairobi-Mombasa ilikoma, na stesheni nyingi ndogo zikabaki kimya. Mbao zinaliwa na mchwa, na wanaokumbuka wanazeeka.

Kwa hivyo ukienda, omba ruhusa kwanza. Usivunje mlango, usibebe kitu. Piga kibao cha jina, dirisha, benchi. Kisha mtafute mzee wa hapo, msalimie vizuri, na uandike anachokwambia chini ya picha.

Ukuta ukianguka kesho, picha yako isibaki urembo tu. Ionyeshe kwamba hapo watu walingoja, wakasafiri, wakaagana.