Eti kipindi chenu kinasikilizwa na mamilioni?

Nilikuwa Milola, mkoani Lindi, kwa mjomba. Nimerudi Dar juzi, na cha kwanza kukisikia kwenye daladala ni mtangazaji wa kipindi cha siasa cha asubuhi akijigamba: sisi ni namba moja, tunasikilizwa na mamilioni, kwa hiyo tunayosema ndiyo wanayosema wananchi. Hapo kwenye "kwa hiyo" ndipo mimi naomba kushuka!

Kwa mjomba kuna benchi mbele ya duka. Jioni redio inawekwa dirishani, wanakusanyika wazee saba hivi, wengine na bao lao. Sasa mpe kila mmoja dodoso. Nyumbani una redio? Mjomba atajibu ndiyo, wengine wote hapana. Jana ulisikiliza kituo gani? Wote watataja kilekile alichochagua mjomba, maana ukigusa ile redio mtagombana. Je, hao ni wasikilizaji saba, au ni msikilizaji mmoja na majirani zake sita?

Na hapo tunadhani dodoso limefika. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchi nzima: Dar 5,383,728, Lindi mkoa mzima 1,194,028. Chukua sampuli ya watu 2,000, igawe kwa haki kufuata idadi hiyo. Dar inapata 174, Lindi 39. Milola labda hata mmoja hayumo. Sampuli haina kosa, kwa picha ya nchi inatosha. Mwenye kosa ni anayeichukua picha hiyo na kuisoma kama barua iliyotoka Milola.

Namna ya kuuliza nayo ina mambo yake. Zamani Steadman (baadaye Synovate, kisha Ipsos) walituma watu na madodoso. GeoPoll wakaja na maswali kwa ujumbe wa simu. Kwa simu unampata mwenye simu, mwenye chaji, na anayesoma. Mjomba simu anayo. Kusoma ujumbe anamwita mjukuu.

Halafu hayo mamilioni ni ya nini? Kuna hesabu ya waliofungulia kituo walau mara moja kwa wiki, na kuna hesabu ya muda waliokaa nacho. Aliyepita dakika kumi akisubiri matangazo ya vifo na aliyekaa saa tatu, kwenye hesabu ya kwanza wako sawa. Meneja wa matangazo huchukua inayompendeza. (Ningekuwa yeye ningefanya vilevile.)

Lakini kubwa kwangu ni hili. Novemba 2018, Rais Magufuli alipotangaza kuwa serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litazibeba, mjomba anasema benchi lilijaa mpaka watu wakasimama. Ungepima wiki ile ungeandika kwamba watu wa kusini wanapenda sana mijadala ya siasa. Jamani, watu walitaka kujua watalipwa lini! Mzee mmoja alikuwa haachi kusikiliza hata siku moja, kisa apate kumtukana msemaji. Naye kwenye hesabu ni mmoja, sawa na shabiki.

Mnasema namba ni namba tu? Namba ndizo zinazoleta matangazo ya biashara, na matangazo ndiyo yanayoamua kipindi kipi kibaki. Kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi kilifuta kipindi cha bei za mazao, eti hakina wasikilizaji. Nilikaa kwenye kikao kile na sikufungua mdomo. Sikuuliza hata swali dogo tu, kwamba huko mazao yanakolimwa walihojiwa watu wangapi. Linanisumbua mpaka leo.

Siku ya kuondoka nilimuuliza mjomba kama anakijua kile kipindi namba moja cha Dar. Akasema anakisikiliza kila asubuhi, hakosi.

"Wanazungumzia nini, mjomba?"

"Foleni."

Kisha akaongeza sauti.