Mgeni wa Arusha Alipe kwa Shilingi

Tangu Machi 28, 2025, Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni zinakataza kutangaza bei au kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Jijini Arusha, yaliko Makao Makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, agizo hilo linawagusa hasa wageni wanaoishi kwa miezi kadhaa, waliozoea kulipia pango kwa dola. Mgeni hutumia kadi, au hubadilisha fedha benki au katika duka lenye leseni. Ugumu uko nje ya mji. Kwenye miteremko ya Mlima Meru, mchuuzi wa ndizi hupokea taslimu au malipo ya simu. Kadi, hata ya benki kubwa, haimsaidii. Ni busara kutoa shilingi mjini, kwa mkupuo mmoja, kwani benki nyingi za nje hukata ada kila fedha zinapotolewa.