Tairi Likianza Kuwa Kipara

Mama mpendwa, wengi wetu tunalifahamu gari la nyumbani kwa upande wa ndani: viti vyake, mahali pa kuweka kapu la sokoni, mlango ambao haufungi vizuri. Habari za matairi tunamwachia baba na fundi. Lakini watoto tunawapakia sisi kila asubuhi, na kinacholishikilia gari barabarani ni matairi manne tu, kila moja likigusa chini kwa sehemu isiyozidi sana kiganja cha mkono. Yafaa basi tujue wenyewe ni lini tairi limemaliza kazi yake.

Ile mifereji iliyochorwa kwenye tairi si pambo. Wakati wa mvua hupitisha maji ili mpira ushike lami. Mifereji ikiisha, maji hukosa njia, tairi huelea juu yake, na hapo usukani na breki havisaidii tena. Ndiyo sababu tairi kipara huweza kutembea salama kiangazi chote, kisha likatuangusha siku ya kwanza ya masika.

Kupima ni rahisi. Chukua njiti ya kiberiti, isimamishe ndani ya mfereji, weka alama kwa ukucha, kisha ipime kwa rula ya mtoto. Katika nchi nyingi sheria inakataza tairi lenye kina kilicho chini ya milimita 1.6. Ndani ya mifereji yenyewe kuna vijiinuko vidogo vilivyowekwa kiwandani. Mpira ukiisha hadi kulingana navyo, tairi hilo ni la kutoa. Lakini tusingoje hadi hapo. Kina kikifika milimita 3, uwezo wa kutoa maji umekwisha kupungua sana, na ni wakati wa kuanza kuweka akiba.

Tazama pia jinsi lilivyolika. Likiisha katikati, upepo umezidi. Likiisha kingo zote mbili, upepo ni mdogo. Likiisha upande mmoja, mwambie fundi apime mpangilio wa magurudumu, la sivyo hata jipya litaharibika vilevile. Kiasi cha upepo kinachotakiwa huandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi karibu na mlango wa dereva. Upimwe asubuhi, kabla gari halijatembea.

Tairi huzeeka hata likiwa na mifereji mizuri. Tafuta ubavuni herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Penye 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi wa magari hushauri kubadilisha baada ya miaka 6, na wa matairi husema lisipite miaka 10. Jua kali huharakisha uzee huo. Na ukiona uvimbe ubavuni, au nyufa zinazoonyesha nyuzi za ndani, usisafiri nalo hata kwenda sokoni. Kumbuka haya yote unapouziwa tairi la mtumba: linaweza kung'aa na kumbe ni zee.

Tunajua kikwazo ni fedha. Mwezi wa ada, nani atataja matairi? Tunashauri mzungumze mapema, mkiwa mmetulia, wala si siku ya safari. Mwonyeshe baba ile njiti. Alama ya ukucha haigombani na mtu. Kama fedha zinatosha mawili tu, yanunuliwe mawili yanayofanana, na wataalamu wa matairi hushauri mapya yafungwe nyuma, kwa sababu nyuma ikiteleza gari huzunguka na ni vigumu kulirudisha. Tairi la akiba nalo lisisahauliwe.

Na wewe usiye na gari, neno hili ni lako pia. Basi linalomchukua mwanao shuleni lina matairi yanayoonekana kwa macho. Unapomsindikiza, inama utazame. Ukiona kipara, usinyamaze kwa kuogopa kuitwa mkorofi. Mwambie dereva kwa heshima, na asiposikia, nenda kwa mwalimu mkuu pamoja na wazazi wenzako. Gharama ya tairi hurudi kwa kuweka akiba. Ya mtoto hairudi.