Mkuki na Haki ya Majira

Katika mijadala ya siku hizi kuhusu uvuvi wa mkuki katika pwani yetu, tangu Lamu hadi Mtwara na katika visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia, maneno mengi husemwa juu ya chombo na machache mno juu ya majira. Na kwa rai yangu hapo ndipo mashauri yetu yanapopotea njia, kwani samaki wa mwambani hamalizwi na chuma peke yake, bali humalizwa kwa sababu chuma hicho kimemfikia wakati aliojikusanya na wenziwe kutaga, na maji yamekuwa meupe kiasi cha kumdhihirisha bila ya sitara yoyote.

Wahenga wetu hawakuwa na jedwali za maji zilizochapishwa, lakini hesabu ya mwaka walikuwa nayo: waliugawa kwa miongo ya siku kumi kumi tangu siku ya Nairuzi, ambayo watu wa Makunduchi wangali wakiiadhimisha kila mwezi wa Julai kwa jina la Mwaka Kogwa, na kwa miongo hiyo nahodha alijua lini atweke tanga na mkulima lini aanze kupanda. Maarifa hayo hayajafa. Muulize mzamiaji yeyote wa Nungwi au wa Msambweni, naye atakwambia kwamba tangu Aprili hadi Septemba, kusi inapovuma, mawimbi huvunjika juu ya miamba ya nje kwa nguvu, mchanga huinuka, na maji hupoa mpaka karibu na digrii 25, hata mtu aliyekaa baharini asubuhi nzima hutoka akitetemeka. Na kwamba mwanzoni mwa majira hayo mito ya Tana, Sabaki, Pangani, Ruvu na Rufiji, ikiwa imeshiba mvua za masika, humwaga tope lake baharini na kuufumba macho mlango mzima. Kisha hulegea upepo, yakaja maleleji, bahari ikawa shwari. Na kuanzia Disemba hadi Machi, kaskazi inapotawala, joto la maji hupanda hadi digrii 28 na hata 30, na nje ya mafungu mtu aweza kuitazama sakafu ya bahari kwa kina cha pima kumi. Si kila mahali, hata hivyo: Malindi, mathalan, mkondo wa kaskazi huweza kuyarejesha maji mekundu ya Sabaki kusini juu ya matumbawe, na mzamiaji wa huko ana hesabu yake mwenyewe.

Juu ya hesabu hiyo kubwa ya pepo kuna ile ndogo ya mwezi, nayo ni muhimu vilevile. Wakati wa bamvua maji hupita milangoni kwa kasi, yakabeba vumbi la mchanga na majani, na samaki wa mwambani wakajificha mashimoni, ilhali kolekole na nguru hujitokeza kwenye mkondo kuwinda vidagaa. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka, mwamba ukatulia na kutakata, na kila chewa akaonekana mlangoni pa shimo lake.

Sasa na tuangalie jambo ambalo aghalabu halitajwi. Kusi ilikuwa, kwa karne nyingi, mlinzi wa miamba asiyelipwa ujira: ilipokuja, ngarawa zilipandishwa pwani, wazamiaji wakashika jembe au kazi za mjini, na samaki wakapata miezi kadhaa ya amani. Lakini amani hiyo haikuwaangukia wakati wanapoihitaji zaidi, maana walio wengi katika samaki wakubwa wa mwambani huzaa kaskazi inapovuma, katika maji yale yale ya joto na ya kutakata ambayo mzamiaji ameyangojea mwaka mzima. Madamu mzamiaji alishuka na kijiti cha ncha kali na macho makavu, madhara yalikuwa haba. Alipopata miwani, mapezi ya mpira, tochi ya kuingia nayo majini usiku, na bunduki iliyochongwa kwa gogo la mti, mpira wa tairi na nondo iliyonolewa, hali ilibadilika kabisa, na majira yaliyokuwa ya neema yakawa majira ya maangamizi.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa chewa. Huyu ni samaki wa makao: huchagua shimo lake akakaa hapo miaka, hukua polepole, na wengi wa jamii yake huanza maisha wakiwa majike, kisha baadhi yao wakageuka madume wakishakuwa wakubwa. Mzamiaji, kwa tabia ya kazi yake, humchagua aliye mkubwa, na kwa kumchagua huyo huwaondoa madume na majike wenye mayai mengi kwa pamoja, akaacha wadogo ambao hawajawa tayari kuuendeleza ukoo. Fauka ya hayo, wataalamu wa bahari wamethibitisha kusini mwa pwani ya Kenya kwamba chewa wa madoa ya kahawia, ambao mwaka mzima hukaa mbalimbali, husafiri na kukusanyika mahali pamoja katika miezi ya kaskazi, karibu na mwezi mwandamo, ili kutaga. Na wakiwapo hapo huwa hawamjali mtu, kwa kuwa shughuli iliyowaleta imeishinda hofu yao. Vijana watatu wenye bunduki, wakipajua mahali hapo na usiku wake, waweza kwa siku chache kuliondoa kundi lililotoka maili nyingi za mwamba, na mwaka ufuatao wasimwone hata mmoja, wala wasijue sababu. Hili silisemi kwa kuwalaumu, maana hakuna aliyewaambia. Nalisema kwa sababu ni dhulma tuifanyayo sote kwa kunyamaza.

Kadhalika wako pono na kikande, samaki wasio na bei ya kutisha sokoni, ambao hupigwa kwa sababu ni wepesi kupigwa. Pono hukwangua miani juu ya jiwe kwa meno yake mithili ya mdomo wa kasuku, na kazi hiyo ndiyo inayoacha nafasi kwa matumbawe machanga kushika. Usiku hulala fofofo mwambani, baadhi yao wakiwa ndani ya utando wa ute waliojifumia wenyewe, na mwenye tochi humchoma kama anayechuma embe. Kikande naye ni adui wa wale wanyama wa miiba mirefu myeusi ambao tumewaona wakifunika miamba yetu mingi. Huwapindua, akawavunja, akawala. Uchunguzi wa miaka mingi katika miamba ya Kenya umeonyesha kwamba alipovuliwa kikande akatoweka, wanyama hao wa miiba waliongezeka mno na kuukwangua mwamba mpaka ukadhoofika, na kwamba kikande mwenyewe hukawia sana kurejea hata eneo likifungwa. Baada ya joto kubwa la mwaka 1998, lililoyafanya matumbawe ya bahari yetu kuwa meupe na kufa kwa wingi, na tena joto la mwaka 2016, pono na kikande ndio watumishi tuliowahitaji kuliko wakati mwingine wowote, na ndio tuliokuwa tukiwauza kwa fungu.

Yamkini msomaji atasema kwamba sheria imekwisha kulikata shauri hili, na kweli imelikata: Kenya iliipiga marufuku bunduki ya mkuki mwaka 2001, kanuni za uvuvi za Tanzania Bara za mwaka 2009 zimeikataza, na Zanzibar vilevile haiiruhusu. Nami naiunga mkono sheria hiyo, kwani bunduki huvunja matumbawe kila nondo inapokwama jiweni, na humpa mtu mmoja uwezo ambao mwamba hauwezi kuustahimili. Lakini tuwe na insafu. Bunduki ile ya mti na mpira ni chombo cha asiye na chombo: kijana asiye na ngarawa, wala mtaji wa nyavu, wala tajiri wa kumkopesha, huitengeneza uani kwao kwa fedha kidogo na jioni hiyo hiyo akarudi na kitoweo. Kumnyang'anya bila ya kumfungulia mlango mwingine ni kumfundisha kuzamia usiku, na usiku ndipo anapofanya madhara makubwa zaidi.

Mlango mwingine upo, nao uko nje ya mwamba. Nguru, kolekole, mzia na jodari ni samaki wanaosafiri katika bahari pana, huzaana kwa wingi na kukua haraka kuliko chewa, na bei yao dikoni huishinda ya pono. Kuwavua kwa mshipi, kwa ngarawa ya shirika iliyonunuliwa kwa mkopo wa kijiji, katika miezi ile ile ya kaskazi ambayo bahari ya nje hupitika, kungempa kijana riziki bora bila ya kuufilisi mwamba. Naongeza hapa nasaha moja kwa wale wanaozamia kwa pumzi zao, kwa njoro ya pweza au kwa starehe tu, kwa kuwa maji meupe ya kaskazi huwavuta watu chini kuliko walivyokusudia: kuvuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama hakuongezi hewa mwilini ila huondoa ile ishara inayomwamrisha mtu apande, na wengi wanaokufa hivyo huzirai karibu na uso wa maji, wakidhani wamekwisha kuokoka. Asizamie mtu peke yake.

Kwamba wavuvi wenyewe waweza kuyaheshimu majira wakiona faida yake, pweza ametoa ushahidi. Mnyama huyu huishi mwaka mmoja na ushei tu, hukua kwa kasi ya ajabu, na jike hutaga mara moja, akayalinda mayai bila ya kula mpaka yaanguliwe, kisha akafa. Huko Andavadoaka, kusini magharibi ya Madagascar, wanakijiji walianza mwaka 2004 kufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa, na walipoifungua walivuna pweza wazito; ndipo desturi hiyo ikaenea kwenye vijiji vingine, na kwetu ikapokewa Pemba, katika Kisiwa Panza, na Mafia na Songosongo. Hakuna askari aliyewasimamia usiku na mchana. Walikubaliana siku ya kufunga na siku ya kufungua, wanawake wenye kuchokoa pweza wakiwamo barazani, na makubaliano yakashika kwa sababu kila mmoja aliyaona matunda yake katika muda wa msimu mmoja.

Chewa si pweza, na subira yake ni ya miaka, si ya miezi. Kwa hiyo haitoshi kijiji kimoja kufunga mwamba wake ilhali wageni wa dago, wanaohama na kaskazi kutoka Kojani na kwingineko wakapiga kambi pwani za watu, hawajaambiwa lolote. Wageni hao ni wavuvi hodari na ndugu zetu, nao wana haki ya kuketi kikaoni kabla ya kuulizwa kwa nini wamevunja ahadi wasiyoijua. Wanunuzi nao wana dhima: hoteli na wachuuzi wakikataa pono na chewa waliochomwa nondo katika miezi ya kaskazi, faida ya kuzamia usiku itakwisha yenyewe.

Naziomba basi kamati za wavuvi za madiko yetu zikae vikao mwezi wa Oktoba, maleleji yakiwapo na kabla ya kaskazi kushika, wazee wenye kuyajua makusanyiko ya chewa wayataje bila ya kuficha, na mahali hapo pafungwe kwa kila aina ya mkuki kuanzia Disemba hadi mwisho wa Februari. Tochi ya usiku ikatazwe mwaka mzima. Na wizara zinazosimamia uvuvi, Dodoma, Zanzibar na Nairobi, ziyape makubaliano hayo nguvu ya sheria na ziwatafutie vijana waliosalimisha bunduki zao mikopo ya ngarawa na mishipi kabla upepo haujageuka.