Jino Huua kwa Jina la Mwenzake

Wiki iliyopita, ndani ya daladala ya Mbagala, redio ya dereva ilikuwa kwenye kipindi cha asubuhi, vile vya watangazaji wawili wanaocheka kabla hata hawajasema kitu. Msikilizaji mmoja alikuwa amepiga simu kulalamika kwamba anaumwa jino na bosi wake amemnyima ruhusa ya kupumzika. Mtangazaji akacheka mpaka akakohoa, kisha akatoa hukumu: "Kaka, nenda kazini. Jino haliui mtu." Abiria nao wakacheka. Konda akadakia, "Meza diklofenaki mbili, tembea." Nikashuka kituo kimoja kabla ya changu, maana ningebaki ningegombana na gari zima.

Nimechoka na sentensi hiyo ya jino haliui mtu. Nimeisikia ukweni, nimeisikia kwa mwalimu mkuu, nimeisikia kwa mchungaji aliyetuambia madhabahuni kwamba Mungu ana wagonjwa wa saratani wa kushughulikia, tusimsumbue kwa habari za meno. Watu waliosoma, wenye bima na gari, wanaitamka kama wanakariri Amri ya Kumi na Moja.

Jino linaua. Halikamatwi tu, kwa sababu huua kwa jina la mwenzake. Nenda msibani usikilize wasifu wa marehemu. Utasikia moyo ulisimama, sukari ilipanda, alivimba shingo ghafla. Na ukisogea kwa wanaomenya vitunguu utaambiwa kalogwa. Umewahi kumsikia mzee wa ukoo akishika kipaza sauti na kutangaza kuwa ndugu yetu ameuawa na gego la chini kushoto? Hutamsikia. Ni aibu. Hakuna ukoo unaokubali kuchanga pesa za jeneza kwa ajili ya jino. Basi makosa ya jino huandikiwa moyo, huandikiwa figo, na mara nyingine, Mungu atusamehe, huandikiwa bibi kizee wa jirani mwenye macho mekundu.

Jirani yangu mmoja ni fundi pikipiki. Alikaa na gego lililotoboka muda mrefu, na kila likimwamsha usiku, asubuhi anapita duka la dawa kununua vidonge vya antibiotiki vya rangi mbili, vinne tu, vya kutuliza. Mara uvimbe ukashuka chini ya kidevu, ulimi ukanyanyuka juu, mate yakawa hayamezeki. Mkewe akashauriwa atafute mtu wa majini. Ni shemeji yake, nesi, aliyemburuta mpaka kwenye bajaji. Hospitalini walimtoboa koo ili apumue.

Ugonjwa huo si wa jana. Daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza mwaka 1836 na mpaka leo unabeba jina lake. Maambukizi, ambayo mara nyingi huanzia kwenye magego ya chini, huvamia sakafu ya mdomo na kuivimbisha mpaka njia ya hewa inaziba. Kabla ya antibiotiki, zaidi ya nusu ya walioupata walikufa. Angekufa na fundi wetu, tungesimama makaburini tukisema maskini, kabanwa na pumzi.

Wanaosema jino haliui wanaamini kwamba shingoni kuna kituo cha mpakani kama Namanga, ambako vijidudu vya mdomoni husimamishwa, huulizwa pasi, kisha hurudishwa vilikotoka. Hakuna Namanga shingoni! Damu inayopita kwenye fizi yenye usaha sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma aya hii itakuwa imeshapita moyoni. Ukiwa na bahati, kinga ya mwili inamaliza kazi. Lakini yuko mtu ambaye valvu za moyo wake ziliharibiwa utotoni na mafindofindo aliyoambiwa yatapona yenyewe. Huku kwetu watu hao ni wengi. Kwake yeye vijidudu vya mdomoni vinaweza kutua kwenye lile kovu, vikazaliana, vikaitafuna valvu. Ndiyo maana daktari wa moyo anayejua kazi yake humtuma mgonjwa akakaguliwe kinywa kabla ya kumwekea valvu mpya. Yeye hajali tabasamu la mtu. Anaogopa jino.

Au chukua kisukari, ambacho kila familia sasa ina mwakilishi wake. Sukari ikiwa juu, fizi zinaoza. Fizi zikioza, sukari inazidi kugoma kushuka. Tafiti zilizokusanywa na kupimwa pamoja zinaonyesha kuwa mgonjwa wa kisukari akitibiwa fizi kwa kina, kipimo chake cha wastani wa sukari ya miezi mitatu hushuka kwa takriban pointi 0.4 za asilimia, bila kuongezewa kidonge hata kimoja. Sasa niambie, ni mjomba gani mwenye kisukari amewahi kuulizwa habari za fizi zake? Anaulizwa kama amekula wali. Anaulizwa miguu. Mdomo anaoutumia kujibu maswali yote hayo hakuna anayeuangalia.

Na msidhani kuutenga mdomo na mwili ni ushamba wetu peke yetu. Mwaka 1840, mjini Baltimore, Maryland, kilifunguliwa chuo cha kwanza duniani cha udaktari wa meno, kando na shule za tiba. Tangu hapo Wamarekani wameuzoea utengano huo kiasi kwamba Medicare, bima yao ya wazee iliyoanzishwa 1965, iliyaacha nje matibabu ya kawaida ya meno. Mwaka 2007, katika jimbo lilelile la Maryland, alifariki mtoto wa miaka 12. Jino bovu lilipeleka vijidudu kwenye ubongo. Kuling'oa kungegharimu takriban dola 80. Walimpasua kichwa mara mbili, bili ikafika kama dola 250,000, na bado walimzika. Waliogawa mwili kwenye makaratasi walisahau kuiarifu damu.

Kwetu tunasubiri Machi 20, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, tunagawa miswaki kwa wanafunzi, tunapiga picha, kisha tunawapa soda kwa kuwa wametulia. Chupa ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko tisa vya chai. Kuna mabango ya dawa ya kung'arisha meno kila kona ya mji huu. Bango la kumwambia mtu aende akazibe jino mapema, kabla halijawa la kung'oa, sijaliona. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 3.5 wana ugonjwa wa kinywa, karibu nusu ya binadamu wote. Ingekuwa ni malaria tungeshafunga shule.

Ukisema haya kijiweni, jibu linakuja kabla kahawa haijapoa: "Babu yangu hakuwahi kumjua daktari wa meno, na kafa na miaka 97, meno yote mdomoni." Babu huyu ni maarufu mno. Nimeshakutana naye Singida, nimekutana naye Tanga, na Mombasa nasikia anajulikana vizuri. Alikuwa akivunja mifupa ya mbuzi kwa magego na kufungua chupa kwa meno ya mbele. Safari hii nikaamua kumhoji mjukuu. Babu alikuwa akisafishia nini meno? Kumbe kila alfajiri kabla ya swala alitafuna mswaki, ule mti wenyewe. Soda? Ya nani, enzi zile! Na ndugu zake babu wako wapi? Walikufa wadogo, akasema, homa tu zile za zamani. Na bibi? Hapo akasita. Bibi alibaki na meno mawili tangu mjukuu akiwa shule ya msingi. Akawa anapondewa ndizi na kuchujiwa supu, nyama aliacha, akakonda mpaka kanga zikawa hazishiki kiunoni.

Nikamuuliza bibi alikufa na nini.

"Presha," akanijibu, bila hata kufikiri.