Majina Tuwaitayo Watoto Wetu

Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, Mwenyezi Mungu ametukataza kudharauliana na kuitana kwa lakabu za kejeli. Imepokewa kwamba makatazo hayo ya lakabu yaliwashukia Bani Salama wa Madina. Watu hao kila mmoja alikuwa na majina mawili au matatu, na Mtume (S.A.W.) alipomwita mtu kwa mojawapo, aliambiwa kuwa mwenyewe hukasirika aitwapo hivyo.

Wako wasemao kuwa jina ni sauti tu, halimgeuzi mtu. Sisi hatukubali. Mtoto hajijui kwa kujitazama kiooni. Hujijua kwa namna aitwavyo na wamzungukao. Aambiwaye kila siku kuwa ni mzito, huuchukua uzito huo hata mahali ambapo hakuna amjuaye.

Amepokea Bukhari kwamba babu yake Said bin Al-Musayyab aliulizwa jina lake na Mtume (S.A.W.), akajibu kuwa ni Hazn, yaani ugumu. Mtume akamwambia kuwa yeye ni Sahl, yaani wepesi. Akakataa kuliacha jina alilopewa na babake. Naye Said, aliyekuwa miongoni mwa wanavyuoni wakubwa wa Madina, akasema kwamba ukavu ule haukuondoka katika ukoo wao. Mjukuu mzima, tena mwanachuoni, angali akiiona athari ya jina la babu!

Atauliza mtu juu ya wapokezi wa Hadithi kama Al-Aamash na Al-Aaraj, waliojulikana kwa kasoro ya macho na ya mguu. Hilo limeruhusiwa kwa kumtambulisha asiyejulikana vingine, pasipo kumdharau. Wamwitao mwenzao "Chongo" barazani wakacheka, hawamo.

Chuoni petu aliletwa mtoto wa miaka minane mwenye kigugumizi. Tulipomuuliza jina lake alijibu, "Bubu." Hakuwa akifanya mzaha, ndilo aliloitwa na ndugu zake, na wazazi wakalizoea. Kwa miezi miwili hakutoa sauti, akitikisa midomo tu. Kumbe alikwisha hifadhi nusu ya Juzuu Amma kwa kuwasikiliza wenzake, wala nyumbani hapana aliyejua, kwani nani amtakaye bubu asome?

Tukawasomea wanafunzi wote Hadithi ya Bi Aisha (R.A.), kwamba asomaye Qurani huku akikwama na kuona taabu ana ujira mara mbili. Wakamtazama kwa macho mengine. Tukakataza lakabu chuoni, na kila anayemwita humwita jina alilopewa siku ya akika yake. Sasa ameingia juzuu ya Tabaraka. Husoma polepole, na wenzake humngoja amalize.

Kwao lakini angali akiitwa jina lile. Tumekwenda kuzungumza na babake mara mbili, na inshaallah tutakwenda tena baada ya sala ya Ijumaa.